Maswali ya kumuuliza fundi wa gesi kabla hajafungua spana, kwa wenye nyumba za wageni Lamu

Ndugu zangu wa Mkomani, Langoni na Shela, na nyinyi wa Malindi na Watamu pia manake shida ni moja. Msimu wa wageni unakaribia na kila mtu saa hizi anatengeneza jiko, anatoa mitungi ndani anaipeleka uani alafu anapitisha paipu hadi jikoni. Kutoa mtungi ndani ni jambo zuri. Lakini vile tunavyochagua fundi wa kuifanya kazi hio ndio inanitia hofu, na nasema hivo kwa sababu sisi wenyewe tulikosea na ni Mungu tu alitusitiri.

Nyumba yetu iko Shela, vyumba sita, jiko liko chini. Tuliita kampuni moja kutoka nje ya Lamu, mkubwa wao akaja na faili, vyeti vimepangwa vizuri, leseni, risiti za ushuru, kila kitu, tukakubaliana bei tukatoa nusu. Saa nane mchana yeye akashika boti akarudi Mokowe, akatuachia vijana wawili. Wakamaliza siku mbili, mitungi miwili ya kilo 50 uani, paipu ya shaba imepita ukutani, jiko linawaka buluu safi, sote tukafurahi. Siku ya tatu mpishi wetu ameingia alfajiri akasikia harufu, lakini sio jikoni, ni pale kiwandani, yaani ua wa ndani wa nyumba, kwenye mtaro wa maji, chini kabisa. Mama wa watu hakugusa swichi, hakuwasha tochi ya simu, akazunguka nje akafunga mitungi yote miwili ndio akaja kuniamsha. Kulipopambazuka tukapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote na kile kilicho nyuma ya ukuta kikaanza kutoa mapovu madogo madogo kama macho ya kaa. Tukakifungua. Ndani mmoja wa wale vijana wawili amezungusha ile tepu nyeupe ya maji, tena mizunguko mingi, kwenye kiungo ambacho hakitaki tepu kabisa.

Nikampigia simu yule kijana na sikumfokea, nikamuuliza tu gesi alijifunza wapi. Akanijibu, "Bosi, mimi ni wa maji. Ya gesi nilionyeshwa juzi."

Hapo ndio nikaelewa kwamba zile karatasi zote nilizosoma zilikuwa za mtu aliyepanda boti. Aliyeshika spana hakuna aliyemkagua, si mimi, si kampuni yake, si serikali. Mwongozo huu wote ni wa hilo moja, jinsi ya kumfikia aliyeshika spana.

Kwanza, ujue gesi yenyewe

Kenya hatuna gesi asilia inayokuja na bomba hadi mlangoni, yetu ni ya mitungi, propeni na buteni, inatoka Mombasa kwa lori mpaka Mokowe, inavuka kwa boti alafu inabebwa na hamali ama punda mpaka kwako. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mbili, kwa hivo ikivuja haipandi juu ikapotea, inashuka. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za kushuka, kiwanda kiko chini, mitaro iko chini, birika la kuhifadhia maji liko chini, na huko ndiko inakojikusanya ikingoja cheche. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa mpaka 10 hivi inaweza kushika moto. Yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya imetiwa makusudi ili ujue, na lita moja ikiwa majimaji ndani ya mtungi ikitoka inakuwa karibu lita 250 za gesi. Ukiyajua haya utaweza kumuuliza fundi swali la maana na utajua akikudanganya.

Pili, karatasi za kampuni (zisome haraka, usitulie hapo)

Anayekuuzia gesi lazima awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na majina ya wenye leseni wanayaweka kwenye tovuti yao, kwa hivo usiangalie karatasi ya ukutani pekee, tafuta jina. Kanuni za gesi za 2019 zinasema mtungi usijazwe na mtu ambaye hana idhini ya mwenye chapa yake, kwa hivo duka linalojaza mitungi midogo kutoka mkubwa pale pale nyuma ya duka, kaa nalo mbali hata kama bei ni tamu. Alafu wewe mwenyewe uwe na kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha usalama wa moto, na nyumba ya wageni ni mahali pa kazi kwa hivo inatakiwa isajiliwe na idara ya usalama na afya kazini, wale wa DOSHS, chini ya sheria ya 2007.

Zote hizo ni muhimu lakini zote ni za kampuni na za jengo. Hakuna hata moja inayokwambia kama kijana huyu anajua kufunga kiungo hiki.

Tatu, mtu mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo. Baada ya yale yaliyotupata nilianza kusoma vile wenzetu wanafanya, na Marekani ndiko nilikopata sheria iliyonyooka. Wana ofisi ya serikali ya usalama wa mabomba inaitwa PHMSA, na kwenye kanuni zao za bomba la gesi, Sehemu ya 192, kuna kifungu kilichowekwa 1999 kinachohusu kufuzu kwa wafanyakazi tu. Hakiulizi kama kampuni ina vyeti. Kinamwambia mwenye bomba, andika kila kazi inayogusa uzima wa bomba lako, moja moja, alafu kwa kila kazi nionyeshe ni nani amepimwa akaonekana anaiweza. Mtu anaweza kuwa amefuzu kuunganisha paipu na hajafuzu kupima mvujo, hizo ni kazi mbili. Mpaka Oktoba 2002 kila kampuni ilitakiwa iwe imemaliza kuwapima watu wake, na tangu hapo kusema tu "huyu ana miaka ishirini kazini" hakukubaliki kama kipimo peke yake.

Na kufuzu kwao kuna upande wa pili ambao mimi naupenda zaidi, kwamba mtu lazima pia atambue mambo yakienda kombo na ajue afanye nini. Yaani hata kama anafunga kiungo vizuri lakini presha ikipanda ghafla anabaki kusimama tu, huyo hajafuzu. Asiyefuzu hakatazwi kufanya kazi, ila awe anaelekezwa na kutazamwa na aliyefuzu ambaye yuko pale pale. Sio ambaye yuko kwenye boti ya Mokowe.

Niseme ukweli, hata huko Marekani kanuni hio haigusi nyumba moja yenye mteja mmoja ambaye mfumo wake wote uko ndani ya kiwanja chake, kwa hivo nyumba kama yangu ingebaki nje. Lakini akili yake ni nzuri na hakuna anayetuzuia kuitumia uani kwetu.

Basi fanya hivi. Fundi akifika, na namaanisha yule atakayeshika spana, mkaribishe, mpe chai, alafu keti naye uandike kazi zote zitakazofanywa. Kwetu zilikuwa tano, kukata na kutanua paipu ya shaba, kuunganisha viungo, kufunga regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi), kupima presha, kutafuta mvujo. Kwa kila moja muulize umejifunza wapi, nani alikupima, lini. Kama ana cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, daraja la tatu, la pili ama la kwanza, aonyeshe na usome ni cha ufundi gani, manake cha bomba la maji ni cha maji. Kama amesajiliwa na mamlaka ya ujenzi, NCA, aonyeshe pia. Alafu, na hii ndio muhimu, mpe kipande cha shaba na viungo viwili mwambie afunge kimoja mbele yako. Fundi wa kweli hatakasirika. Atatanua mdomo wa paipu uwe kama tarumbeta, atapitisha kidole kuona hakuna ufa, atafunga chuma kwa chuma bila tepu. Ukimwona anatafuta tepu nyeupe mfukoni, mshukuru mlipe nauli yake.

Mwisho muulize maswali ya kombo. "Ukisikia harufu na hujui inatoka wapi, kitu cha kwanza ni nini?" Jibu ni kufunga mtungi na kutoa watu, bila kugusa swichi, sio kutafuta mvujo. "Regulata ikiganda barafu?" "Moto wa jiko ukiwa wa manjano?" Msikize anavyofikiri, sio anavyoongea. Kuna fundi mmoja wa Malindi, mzee, kwenye swali la barafu alinyamaza kidogo alafu akaniuliza mimi, majiko mangapi yanawaka kwa pamoja na mtungi umebaki kiasi gani, manake gesi ikivutwa haraka kuliko mtungi unavyoweza kuitoa inapoa mpaka inaganda. Huyo ndio tulimpa kazi.

Nne, mchoro

Usidhani fundi mzuri anatosha. Tarehe 13 Septemba 2018, huko Massachusetts, Marekani, kwenye miji ya Merrimack Valley, mafundi walikuwa wanabadilisha bomba kuukuu la chuma na kuweka la plastiki. Walifuata maelekezo ya kazi vile walivyopewa. Lakini kwenye bomba lile kuukuu kulikuwa na vipaipu vya kupima presha na karatasi ya kazi haikuvitaja, kwa hivo bomba lilipofungwa presha yake ikaanza kushuka, vipimo vikaambia regulata presha imepungua, regulata zikafungua zaidi na zaidi, gesi nyingi ikaingia kwenye bomba jipya na kwenye majumba ya watu. Nyumba zaidi ya mia moja ziliharibika na kijana wa miaka 18 akafa. Kampuni ilikubali kosa mahakamani ikatozwa zaidi ya dola milioni 53.

Mikono haikukosea pale, karatasi ndio ilikosea. Kwa hivo taka mchoro hata kama ni wa penseli kwenye karatasi ya daftari, mitungi iko wapi, paipu inapita wapi, viungo viko wapi, valvu ya kufunga iko wapi. Kama kuna paipu ya zamani itakayoachwa, iandikwe inafungwa vipi na nani anahakikisha haina kitu. Nyote wawili mtie sahihi kabla chochote hakijakatwa.

Tano, wakati wa kazi, na hapa chumvi ndio adui

Wanaotoka bara hawaijui chumvi yetu. Upepo wa kusi ukivuma miezi kadhaa, klipu ya chuma cha kawaida inashika kutu mpaka inakatika kwa kidole. Taka klipu na bolti zisizoshika kutu. Na ukuta wetu wa mawe ya matumbawe unafyonza unyevu na chumvi, kwa hivo paipu isizikwe uchi ndani yake, ipitishwe ndani ya paipu kubwa zaidi, na kusiwe na kiungo chochote ndani ya ukuta. Kila kiungo kiwe mahali unapoweza kukipaka sabuni.

Mitungi isimame wima, nje, kivulini, penye upepo, mbali na mlango, dirisha, mtaro na birika. Isiwe chini ya makuti. Ikifika kutoka jetini iangalie shingo, manake imegongwagongwa kwenye boti na kwenye vichochoro, na uipake sabuni kabla hamali hajaondoka. Mpira uwe wa gesi, wenye maandishi na tarehe na alama ya KEBS, shirika la viwango, usikubali wa maji hata kwa siku moja, na huku baharini mimi nabadilisha mapema bila kungoja ule umri wake ulioandikwa.

Kupima: kabla gesi yenyewe haijaingia, fundi ajaze paipu hewa ya kawaida ama naitrojeni, kamwe sio oksijeni, afunge, asome geji, aandike saa, mkae mnywe chai. Geji ikishuka kuna mvujo hata kama pua haisikii kitu. Ahakikishe jua haliipigi paipu nusu ya muda alafu linaondoka, manake joto linachezesha geji na atakwambia "ni jua tu". Ikishuka, arudie jioni. Gesi ikishaingia, sabuni tena kwenye kila kiungo. Mtu akitoa kiberiti kutafuta mvujo, kazi imeisha hapo hapo, mtoe uani.

Sita, daftari

Nunua daftari gumu. Andika tarehe, jina la aliyefanya, kazi gani, alipimwaje, geji ilisoma ngapi mwanzo na mwisho, mchoro ubandike. Kule Marekani kumbukumbu za kila mfanyakazi zinawekwa wakati wote anaofanya kazi ile na miaka 5 baada ya kuacha. Unaweza kuona ni makaratasi tu, lakini San Bruno, California, Septemba 2010, bomba la gesi lililowekwa 1956 lilipasuka likaua watu 8, na vitabu vya kampuni vilisema sehemu ile ni paipu isiyo na mshono, kumbe ilikuwa na mshono tena uliochomelewa vibaya. Miaka zaidi ya hamsini wanasoma kitu ambacho hakiko chini ya ardhi. Daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari, kwa hivo usiandike "sawa" kwa kitu ambacho hukukiona kwa macho yako.

Saba, kumfikisha mkaguzi

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, zaidi ya mia mbili wakaumia, nyumba zikaungua. Kesho yake EPRA wakatoa taarifa kwamba maombi ya kujenga kituo pale yalikuja Machi, Juni na Julai 2023 na yote yalikataliwa, mojawapo ya sababu ni kwamba watu wamekaa karibu mno. Mara tatu karatasi ilisema hapana na gesi ikaendelea kujazwa katikati ya watu. Mimi hii inaniuma mpaka leo, manake majirani waliona malori yakiingia. Kukataza bila mtu wa kwenda kufunga ni maneno tu.

Kule kwa wenzetu Marekani mkaguzi ana ngazi za kupanda, barua ya onyo, notisi ya kosa pamoja na faini, amri ya kurekebisha ambayo inaweza kusimamisha bomba kabla halijaua mtu, na sheria ya 2012 iliweka faini mpaka dola 200,000 kwa kosa moja kwa siku moja, na wamekuwa wakiipandisha. Kesi zenyewe wanaziweka wazi mtu yeyote azisome. Sisi ngazi zipo lakini mara nyingi zinaanza kupandwa mwananchi akiandika, kwa hivo andika.

Ukiona duka linajaza mitungi kichochoroni, ama kampuni inatuma watu wasiojua, usiishie kulalamika barazani. Andika siku, saa, mahali, ulichokiona, piga picha ukiwa mbali na salama. Mambo ya leseni na kujaza gesi peleka EPRA. Mfanyakazi kuwekwa kwenye hatari peleka DOSHS, na mwambie mpishi wako na vijana wako kwamba sheria ya 2007 inawakinga, mtu akiona hatari kubwa anaripoti kwa msimamizi na halazimishwi kurudi pale mpaka irekebishwe, na haruhusiwi kuadhibiwa kwa kulalamika. Hatari ya sasa hivi, moto ama harufu mtaa mzima, piga 999 ama 112, lakini kumbuka gari la zima moto haliwezi kupita vichochoro vyetu kwa hivo valvu ya kufunga na mlango wa kutokea watu viwe vinajulikana na kila mtu ndani ya nyumba, hata mgeni wa usiku mmoja.

Na usipojibiwa, kuna sheria ya kupata habari ya 2016 na ni wachache sana wanaoitumia huku. Unaandikia ofisi ya serikali unauliza, je mahali fulani pana leseni, mara ya mwisho palikaguliwa lini, na mkaguzi alikuta nini. Wana siku 21 za kukujibu, na kama habari yenyewe inahusu uhai wa mtu ni saa 48, kwa hivo kama ni duka la gesi liko ubavuni mwa madrasa andika wazi kwenye mstari wa kwanza kwamba ni jambo la uhai. Wakinyamaza unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema Kiingereza ama Kiswahili, usitafute mtu wa kukutafsiria. Peleka nakala mbili, moja wachukue, ya pili wakugongee muhuri wa tarehe urudi nayo nyumbani uiweke ndani ya lile daftari, na siku zako 21 uzihesabu kuanzia muhuri ule.